Nilichagua Kulinda Ndagala kwa Sababu Ndagala Hawaongei

Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na najua mkisikia neno hilo mnafikiria mzee mwenye koti na redio, lakini mtu akiacha kazi bila kufukuzwa, na mahali pake akawekwa mwingine aliyemfundisha yeye mwenyewe, sijui mnataka tuite nini. Nimestaafu kazi ya kulinda ndagala, yaani dagaa wanaoanikwa, kwenye ufukwe wa Rumonge. Mgongo hauniumi. Harufu ilitoka baada ya muda.

Kiongozi wetu wa vijana kanisani aliniomba nisimame mbele yenu Jumapili niwaambie juu ya kuchagua kazi ya kwanza, kwa sababu vakansi, likizo ya shule, iko karibu na wengine wenu mmeshaanza kuzunguka mkiulizauliza. Nilimwambia nitaandika. Akasema kusema ni rahisi zaidi kuliko kuandika. Nikamwambia ndiyo, kisha nikaandika. Mtasomewa na mtu mwingine. Mimi nitakuwa nyuma, karibu na mlango, na naomba msigeuke.

Mnipe nafasi nianze na kazi mbili ambazo hazikudumu, maana kabla ya ndagala nilikuwa nimeshajaribu dunia.

Moja ilikuwa Gatete, kwa mtu mmoja rafiki ya baba anayekamua mawese. Watu wanaleta ngazi zao, ile mikungu ya michikichi, zinachemshwa kwenye mapipa, kisha wanaume wanazungusha mashine kwa kusukuma ule mti mrefu, wanazunguka na kuzunguka kama wamepoteza kitu chini. Kazi yangu ilikuwa kusema zamu ya nani. Basi. Mtu anafika, namkumbuka, zamu yake ikifika nasema, "Ni wewe." Lakini kila nilipotaka kusema "Ni wewe," alikuwako mtu mwingine amekasirika zaidi, na mimi nikimwona mtu amekasirika namwachia apite ili asinikasirikie mimi. Mchana ulipofika walikuwa wamepita wenye hasira wote wa Gatete. Aliyebaki ni bibi mmoja mpole aliyefika wa kwanza. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake anatabasamu. Yule rafiki ya baba aliniambia kwa upole kwamba nina roho nzuri, nirudi nyumbani.

Ila sikuondoka mtupu pale. Nilijifunza kwamba ukitaka kujua kama mawese yametiwa maji, unachovya kipande cha karatasi, unakiwasha moto. Kikiungua kimya, nunua. Kikianza kurukaruka na kulia, mwachie mwenyewe. Hilo nawapa bure.

Kazi ya pili ilikuwa kuuza sambusa mahali mabasi ya Bujumbura yanaposimama yakielekea Nyanza-Lac. Wenzangu walikuwa wanakimbilia madirisha, wanaita, wanasukumana. Mimi nilisimama karibu na dirisha na kusubiri abiria aone mwenyewe kwamba nina sambusa. Abiria mmoja aliona. Alikuwa amelala, akaamka, akaona, basi likaondoka. Jioni nilimrudishia mwenye sambusa beseni lake lote. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akasema:

"Umeniletea sambusa baridi na adabu mingi. Sasa adabu nitaiuza kwa nani?"

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulirudi kutoka Tanzania nikiwa mdogo, na kule kwenye kambi ya wakimbizi pia alikuwa anafundisha. Hapazi sauti hata darasani. Wanafunzi wake wananyamaza ili wamsikie. Mnaweza kuona nilikotoka. Lakini siku ya sambusa aliniita mezani, akavua miwani, na baba akivua miwani ujue hataki kuona uso wako wakati anasema.

"Dafroza, kazi ya tatu ikikushinda, vakansi ijayo unaenda kwa shangazi yako."

Shangazi yangu yuko Nyanza-Lac, anauza mitumba sokoni. Ana kile kipaza sauti cha betri. Anayekwenda kumsaidia anapanda juu ya meza katikati ya nguo, anashika kipaza sauti, na kutoka asubuhi anasema: suruali, suruali, suruali. Mchana anabadilisha, anasema mashati. Nilimwona binamu yangu akifanya hivyo. Soko zima lilikuwa linamtazama. Hakuna aliyemtazama vibaya, walimtazama tu. Ilinitosha.

Kwa hiyo niliposhuka ufukweni kutafuta kazi ya tatu, sikuwa natafuta kazi nzuri. Nilikuwa natafuta kazi ya kimya. Na nikaiona. Msichana mmoja amekaa kivulini, kofia imemfunika macho, mbele yake vichanja vya wavu vimejaa ndagala wanaokauka juani. Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna mtu aliyemuuliza kitu. Hata inzi walikuwa wanapita mbali naye. Nikasema moyoni: hii.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Nilichagua kazi kwa kuitazama siku yake nzuri. Jua linawaka, ziwa limetulia, milima ya Kongo iko mahali pake. Siku kama hiyo kila kazi ni kukaa kwenye kivuli. Wadogo zangu, msiulize kazi inafanywaje siku nzuri. Ulizeni siku mbaya inataka nini kutoka kwenu, halafu mjiangalie kama mnacho.

Mimi sikuuliza. Nilienda kwa mwenye vichanja, Mama Saidi. Ni mama wa Kiswahili wa hapahapa mjini, anaanika ndagala tangu zamani walipokuwa wanaanikwa juu ya mchanga. Mahojiano yetu yalikuwa hivi.

"Mutoto wa nani?"

"Wa mwalimu."

"Mwalimu gani? Bako bengi."

Nikanyoosha kidole upande wa nyumbani.

"Unasemaka, weye?"

"Ndiyo."

"Sema kitu."

"Ndiyo."

Aliniangalia kama anavyoangalia ndagala wa mtu mwingine. Kisha akasema, "Aya. Hapa tunalinda samaki, hatuhubiri. Kuja kesho asubui."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Rumonge.

Niwaambie kidogo kazi yenyewe, maana kuna watu wanafikiri kulinda ni kukaa. Wavuvi wanawasili asubuhi na mapema. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, kwa sababu ndagala wanafuata taa, na mwezi ni taa ambayo huwezi kuivuta kwenye mtumbwi. Siku hizo hakuna kazi na hakuna wa kumlalamikia. Mitumbwi ikirudi imejaa, mnamwaga ndagala kwenye vichanja na kuwatandaza. Usimwage kama unamwaga mchele. Unarusha kwa mkono uliofunguka, wanatua mmojammoja, kila mmoja apate jua lake. Wakilaliana, wa juu anakauka na wa chini anaoza, na ukiwauza wa chini ndiye anayepewa jina lako.

Baadaye unawageuza. Mama Saidi alinifundisha kugeuza kwa kiganja, si kwa vidole. "Kidole kinavunja kichwa," alisema. "Ndagala bila kichwa, mutu wa Bujumbura anauliza kichwa kilienda wapi. Utamujibu nini?"

Halafu kuna adui. Kunguru anakuja kwa kutembea, kama hana habari na wewe. Bata wa majirani wanakuja kwa kundi. Mbuzi hali ndagala, lakini anapenda kusimama juu ya kichanja, sijui anaona nini kule. Wote hao unawafukuza kwa fimbo na hawahitaji maneno. Niliwapenda sana.

Kujua kama wamekauka, unachukua wachache, unawatikisa karibu na sikio. Wakisikika kama majani makavu, tayari. Zamani za mchanga, Mama Saidi anasema, mnunuzi alikuwa anatafuna mmoja na nyote mnasikia. Akitafuna mchanga, anakuangalia huku anaendelea kutafuna, hasemi kitu, na bei inashuka yenyewe. Leo wako juu ya wavu na mchanga umebaki chini. Mama Saidi anasifu wavu lakini nadhani anakumbuka mchanga kidogo. Alisema wakati ule ulikuwa unajua ni nani mwongo.

Sasa mvua.

Siku yangu ya kwanza, wakati wa kula, nilikuwa nafikiri nimeshajua kila kitu. Mama Saidi akanionyesha ng'ambo ya ziwa.

"Unaona milima ya Kongo?"

"Naona."

"Ikiwa karibu sana, mpaka unataka kuhesabia miti yake, mvula iko inafikiri. Ikipotea, mvula iko njiani. Ikipotea na upepo ukawa baridi, umechelewa." Akageuka nyuma, akanionyesha upande wa Bururi. "Na hii ya huku ni mubaya zaidi. Ya Kongo inakuya mbele yako kama mugeni. Ya Bururi inakuya mugongoni. Uangalie minazi kule kuelekea Kigwena." Alikuwa na maana ya michikichi, lakini aliita yote minazi. "Majani yakigeuza tumbo juu, ndio yenyewe."

"Nikiona, nifunike?"

"Weye? Oya, hapana. Ukiona, unapiga kelele."

Nikamuuliza kelele gani, nikitumaini kuna za aina mbalimbali.

"'Mvula!' Moja tu, ndefu. Ufukwe wote usikie. Anayeona wa kwanza anaita, hata kama ndagala si zake. Kila mutu anaacha kile iko anafanya, tunakusanya, tunafunika. Ata bale habasalimiane bako banasaidiana. Mvula ikipita, banaendelea kutosalimiana."

Hiyo ndiyo sheria ya pale na haijaandikwa mahali popote. Mlinzi halindi vichanja vyake peke yake, analinda mbingu ya wote. Ndagala akilowa baada ya kuanza kukauka anakuwa uji. Ndiyo maana mwenye vichanja halipi mtu wa kufukuza kunguru. Kunguru angeweza kufukuzwa na fimbo iliyochomekwa. Analipa macho na koo. Mimi nilikuwa nimeleta macho.

Nilitaka kuacha siku ileile, lakini niliona meza ya mitumba, na mimi juu yake.

Jioni nilienda nyuma ya nyumba yetu, kwenye michikichi, kufanya mazoezi. Niliangalia huku na huku. Hakuna mtu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mvula." Ilitoka kama mtu anayeomba chumvi. Nikasema tena, zaidi kidogo. Sauti ikajibu kutoka juu:

"Iko wapi?"

Alikuwa mzee mmoja aliyepanda kukata ngazi. Nikamwomba msamaha, nikamwambia hakuna mvua. Akauliza kwa nini basi nasema iko. Nilirudi ndani, na mazoezi yakaishia hapo.

Vakansi ile ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka kwetu mvua haziombi ruhusa. Siku moja ya soko Mama Saidi alipanda mjini na kuniacha na vichanja vyote. Ndagala walikuwa katikati, hawajakauka na si wabichi tena, yaani wakati mbaya kuliko yote. Nikatazama ng'ambo. Milima ya Kongo ilikuwa imesogea karibu. Nikageuza upande mmoja wa kichanja, nikatazama tena. Milima haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe kinachotembea juu ya maji.

Niliiona kabla ya mtu yeyote. Hilo nataka lieleweke. Macho yangu yalifanya kazi.

Nikafungua mdomo, na wanawake wote wa ufukwe walikuwa pale, kila mmoja na shughuli zake, na nikafikiri jinsi watakavyogeuka wote kwa pamoja. Nikafunga mdomo. Nikaamua kwenda kuwaambia mmojammoja.

Nikaenda kwa Mama Nadine, jirani wa karibu. Sasa, ninyi mmelelewa, mnajua. Humwendei mtu mzima aliyekaa ukamtupia neno kama jiwe.

"Amahoro, mama," nikasema.

"Amahoro, mwanangu! Leo umenikumbuka. Baba yako iko?"

"Yuko, murakoze," nikamshukuru.

"Na shule?"

"Tuko vakansi."

"Na yule mutoto wenu mudogo alikuwa na kikohozi?"

"Amepona, murakoze. Mama, nilikuwa naona kama mvua inakuja."

"Iko wapi?" akauliza, bado anatabasamu kwa jinsi nilivyomsalimia. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, kwa sababu bado walikuwa wengi. Wa pili aliniuliza habari za baba na mgongo wake. Wa tatu ni bibi asiyesikia vizuri, na salamu zake zinahitaji kurudiwa. Nilikuwa namrudia kwamba watoto hawajambo, tone likaanguka katikati yetu. Kisha yakaja mengine yote.

Walikimbia. Wengine waliokoa nusu, wengine robo. Vichanja vya Mama Saidi havikuwa na mtu, kwa sababu mtu wake alikuwa anasalimia.

Mama Saidi alirudi na mwavuli. Mvua ilikuwa imeshapita na jua limetoka kama halikujua chochote. Aliingiza mkono kwenye ndagala. Walikuwa laini.

"Nani aliona mvula wa kwanza?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani aliita?"

Mama Nadine, ambaye ni mtu wa haki, akasema, "Alikuya kunisalimia. Mama Saidi, sitaficha, alinisalimia muzuri sana."

Ndagala wale walienda kwa bata. Mama Saidi aliwamwaga mwenyewe, polepole, na bata wakaja mpaka wale ambao si wa mtaa ule. Akawatazama wanakula kazi yake ya asubuhi nzima.

"Leo mabata banakusifu," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Nitakupa mvula ingine moja. Ikikuya tena na ukanyamaza, urudi kwa baba yako, mimi sitakasirika. Lakini usirudi hapa."

Heri angekasirika. Mtu aliyekasirika, kama nilivyowaambia, nilikuwa najua kumpisha.

Kwenye vichanja vya pili kulikuwa na kijana wa umri wangu anaitwa Jado. Yeye alikuwa na koo. Alikuwa anaita mvua kwa kila wingu. Aliita mvua kwa moshi wa takataka. Mara moja aliita mvua na kumbe ni mama mmoja amemwaga maji ya kunawa. Akina mama walikuwa wameshazoea. Jado akiita, kwanza wanatazama juu, kisha wanamtazama Jado, kisha wanajadiliana. Yeye hakujali. Baada ya ile siku ya salamu alikuwa ananipigia magoti kila asubuhi.

"Amahoro, mademoiselle! Mvula inakusalimia, inauliza kama baba iko!"

Nilikuwa natazama milima. Nilikuwa naitazama hata nikiwa nakula, chakula kikaingia puani.

Siku iliyofuata yenye mvua ndani yake ilianza bila dalili. Milima ya Kongo ilikuwa mbali, ya bluu, haina neno. Ziwa lilikuwa bapa. Ndagala wa Mama Saidi walikuwa wamebakiza kidogo kutikisika kama majani makavu, na yeye mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ufukwe anazungumza na mnunuzi. Jado alikuwa amelala chali, uso umeelekea ziwani.

Nikasikia baridi shingoni.

Nikageuka. Vilima vya juu, upande wa Bururi, havikuwepo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya michikichi, jeusi, na chini yake majani yote yalikuwa yamegeuza tumbo, meupe, kutoka huku mpaka kule. Nikasimama. Jado akafungua jicho moja.

"Unaenda kusalimia nani leo?"

Nilitazama wanawake. Walikuwa wengi kuliko siku ile, au niliona hivyo. Nikawaza meza ya Nyanza-Lac, nikaona suruali zote, nikaona kwamba nikinyamaza sasa, nitaita kule kila siku, na nikiita sasa, nitaita mara moja. Hesabu haikuwa ngumu. Mdomo ndio ulikuwa mgumu.

"Mvula!"

Sitawaambia ilikuwa sauti nzuri. Ilianza chini, ikavunjika katikati, ikaenda juu mahali ambapo sikujua ninapo. Mbuzi aliyekuwa kwenye kichanja alishuka. Na mimi mwenyewe nilitazama nyuma nione ni nani.

Hakuna aliyetazama juu. Huo ndio mshangao wangu mpaka leo. Akina mama wale, ambao Jado akiita wanafanya mkutano, hawakutazama juu hata mmoja. Walikimbia tu. Vikapu vilitoka, maturubai yalifunguka, mikono iliingia kwenye wavu, mnunuzi mwenyewe alishika ncha ya turubai bila kujua ni la nani. Wawili wasiosalimiana walibeba kikapu kimoja. Jado aliruka akafunika vya kwao, kisha akaja kunisaidia vya Mama Saidi, huku anahema. Kabla wingu halijafika nusu ya njia, hapakuwa na ndagala hata mmoja wazi ufukweni kote.

Tukasimama, tukasubiri.

Wingu lilikuja mpaka ukingoni mwa mji. Likasimama hapo kidogo, kama mtu anayeangalia namba za nyumba. Kisha likageuka. Tuliliona likienda kusini, polepole, na mvua ikashuka yote juu ya msitu wa Kigwena, nyeupe na nzito, ambako hakuna mtu aliyeanika kitu. Kwetu lilianguka tone moja. Lilimwangukia Jado kwenye paji la uso. Akalifuta.

Jua likatoka.

Wanawake walikuwa wanaegemea vikapu vilivyofunikwa, ndagala wako ndani wanapata joto, na ndagala waliorundikwa kabla hawajakauka wakipata joto mnajua wanavyonuka. Kazi yote ya kuanika ilikuwa ya kurudiwa, na jua lililobaki halikuwa refu. Niliyasababisha hayo mimi. Nikachukua kandambili zangu na chupa yangu ya maji.

"Unaenda wapi?" Mama Saidi akauliza. Alikuwa amefika, kilemba kimepinda kwa kukimbia.

"Nyumbani."

"Nani amekutuma?"

"Mvua haikuja."

"Nimeona. Niko na macho." Akafungua turubai, akaanza kurusha ndagala kwenye wavu kwa mkono wazi. "Mvula ilikuwa na kazi yake, haikuifanya. Weye ulikuwa na yako. Weka kandambili chini, anika."

Jado akajaribu kucheka. "Mama, lakini si amedanganya ufukwe wote? Mimi nikiita banasema—"

"Weye," Mama Nadine akamkatiza, "ukiita, sisi tunakuuliza mbingu kwanza. Huyu sikumuuliza kitu. Nilisema: huyu mutoto akifika kupiga kelele, basi maji imetufikia kwenye shingo. Nimeacha ata chai yangu. Imemwagika yote, iko pale."

Wengine wakaanza kucheka, wakafungua maturubai, wakaanika upya. Walinitania mpaka jioni. Kila aliyepita aliangalia juu, akakinga mkono, akasema mvua ya Dafroza ni kavu. Sikupenda, lakini niliona kitu: walikuwa wananitania kwa jina langu. Kabla ya hapo nadhani wengi hawakulijua. Wadogo zangu, kama nina neno moja la kuwaambia kabla hamjachagua, ni hili: tafuteni kazi yenye mwenyewe anayejua tofauti kati ya aliyekosea akifanya kazi na aliyenyamaza. Mwangalieni anavyomtendea mtu aliyemfanya akimbie bure. Mshahara mtaulizia baadaye.

Habari za Rumonge zinatembea haraka na zinabadilika njiani. Jioni ile habari iliyofika nyumbani ni kwamba Dafroza amewapigia kelele wanawake wote wa ufukweni, hata wakamwaga chai. Baba akachukua baiskeli. Alifika wakati tunafunga vikapu, amevaa shati la kanisani, na nilipomwona anavua miwani nilijua amekuja kuomba msamaha na kunichukua.

"Mama Saidi, amahoro," akasema kwa ile sauti yake ya kusogelewa. "Nimesikia kuhusu binti yangu. Sikumlea hivyo. Kama amewavunjia heshima wamama, mtusamehe, nitamwondoa leo."

"Kumwondoa? Kwa nini?"

"Wanasema amepiga kelele."

"Amepiga," akasema Mama Saidi. "Bamemusikia mpaka sokoni."

Baba akarudisha miwani. Akanitazama mimi, akatazama wasichana wengine waliokuwa wanabeba vikapu, akauliza kama hapo ufukweni hakuna Dafroza mwingine.

"Oya, mwalimu. Iko huyu tu," akasema Mama Saidi, akinipa kikapu nikibebe. "Na kesho akuje mapema."